Kompyuta ya mezani haiwaki? Fanya haya kabla ya kuipakia mashuani

Stima ikikatika usiku na kurudi alfajiri, najua kabla ya saa nne kuna mtu atapiga hodi dukani. Wengine huja wamelikumbatia sanduku kifuani, wengine wamelipandisha juu ya punda, na maneno ni yale yale: “Fundi, imekufa.” Nikiuliza imekufaje, naambiwa imekufa tu. Nimechoka kueleza jambo hili kwa simu, mara tano kwa wiki, kwa hiyo leo naliandika. Ukiwa huku visiwani Lamu, iwe Amu, Shela, Matondoni au hata Faza, soma mpaka mwisho kabla ya kulipia mashua na hamali.

Neno “haiwaki” lina mambo manne ndani yake. Jua kwanza lako ni lipi:

- Kimya kabisa: hakuna taa wala feni. Anza hatua ya 1.
- Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Anza hatua ya 2.
- Unaona nembo ya kampuni au maandishi meupe, kisha inakwama hapo. Anza hatua ya 6.
- Windows inaanza, vidoti vinazunguka, halafu inagoma, inajizima au inaleta ukurasa wa samawati. Anza hatua ya 8, lakini pitia ya 5, ya 6 na ya 7 kwanza.

Na kuna jambo moja nilitoe moyoni mapema: usikubali mtu akuwekee Windows upya kabla hajakuambia mashine imekwama wapi. Niliwahi kuletewa kompyuta ya mwalimu iliyokuwa na alama za wanafunzi za mihula mitatu. Alikuwa ameshaipeleka kwingine, ikafutwa, ikawekewa Windows mpya, na siku ya tatu ikagoma tena vile vile. Ugonjwa wake ulikuwa betri ndogo kama sarafu. Betri tukabadilisha, alama hazikurudi.

Vitu vya kuwa navyo

Bisibisi ya nyota. Brashi laini ya rangi, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi. Kifutio cheupe cha penseli. Betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3. Waya mwingine wa umeme wa kompyuta, ambao unajua ni mzima. Flashi ya GB 8 au zaidi. Tochi, na simu ya kupigia picha. Ukiweza kuazima skrini na kibodi kwa jirani, vizuri zaidi. Ukiwa na mita ya umeme sawa, usipokuwa nayo usiihangaikie.

Tahadhari, na hizi si za mapambo

Chomoa waya ukutani kabla ya kufungua sanduku. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha gusa chuma kitupu cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Pawa saplai, lile boksi la chuma ambalo waya wa ukutani unaingia, usilifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kuweka umeme hata baada ya kuchomolewa. Mimi mwenyewe sizifungui, nabadilisha nzima.

Usifanye kazi hii na mikono yenye maji, wala usipulize vumbi kwa mdomo. Pumzi ina mate, na chumvi ya hapa kwetu inatosha, hatuhitaji kuiongezea unyevu.

Hatua ya 1: Umeme unafika?

Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile unayotumia. Isipowaka, kompyuta haina kosa. Kama unatumia ekstensheni, iondoe na uchomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni za bei rahisi huingia kutu ndani na hufa bila kutoa dalili.

Sasa itazame plagi yenyewe. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani. Stima ikirudi kwa nguvu, fyuzi inaweza kukatika, na hiyo ndiyo kazi yake. Weka nyingine yenye namba ile ile. Nawasihi: msizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi iliyozungushiwa karatasi haikatiki tena, kwa hiyo kitakachokatika siku nyingine ni kompyuta, au nyumba.

Nyuma ya sanduku, karibu na tundu la waya, angalia swichi yenye alama ya I na O. Lazima iwe upande wa I. Watoto na wafagiaji huizima bila kujua. Mashine za zamani zina kiswichi kingine chekundu chenye namba 115 na 230. Kwetu ni 230, daima. Kikiwekwa 115 kwa umeme wetu wa volti 240, utasikia mlio mmoja na pawa saplai imekwenda.

Badilisha waya wa umeme. Kisha fanya hili, maana huwashangaza wengi: chomoa kila kitu, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, chomeka tena, washa. Mashine nyingi zilizopigwa na stima hufufuka hapo hapo.

Dell OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo nyuma, kando ya tundu la waya. Chomeka umeme ukibonyeze. Taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai ina uhai. Isipowaka, usijisumbue na hatua zinazofuata, nenda chini kabisa kwenye sehemu ya vipuri.

Hatua ya 2: Labda ni skrini tu

Bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, basi kompyuta iko hai na inafanya kazi gizani. Tatizo ni skrini au waya wake.

Kaza waya pande zote mbili. Hakikisha skrini yenyewe imewashwa na imechagua njia sahihi: kama waya ni VGA, isiwe inasubiri HDMI. Na kama sanduku lako lina kadi ya picha, litakuwa na matundu ya skrini sehemu mbili, moja juu kwenye bodi, kile kibao kikuu cha ndani, na jingine chini kwenye kadi. Chomeka kwenye kadi. Kijana mmoja alitoka Mokowe, ng'ambo ya pili upande wa bara, na sanduku lake mpaka kwangu, nauli ya mashua kwenda na kurudi, kumbe waya ulikuwa tundu la juu.

Hatua ya 3: Chomoa vyote visivyohitajika

Printa, flashi, diski ya nje, kamera, spika, vyote. Acha waya wa umeme, skrini na kibodi. Washa. Flashi iliyosahaulika ndani inaweza kuifanya kompyuta itafute Windows mahali ambapo haipo. Tundu la USB lililoingia kutu nalo linaweza kuizuia mashine nzima isiwake, kwa hiyo limulike kwa tochi.

Hatua ya 4: Fungua, tazama, safisha

Kabla ya kugusa waya wowote ndani, piga picha. Piga tano, usipige moja.

Wenzetu wa bara hukuta vumbi tu. Sisi tuna vumbi, chumvi na wageni wengine. Nimeshatoa mijusi waliokaushwa na joto, vichuguu vya sisimizi, na makombo ya makuti yaliyopeperuka kutoka darini. Msimu wa kusi, upepo unapotoka baharini na dirisha liko wazi, chumvi hukaa kwenye vyuma na kuvuta unyevu. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye miguu ya chuma ya bodi, hiyo ndiyo kazi yake.

Safisha kwa brashi kavu, polepole, na ushikilie feni kwa kidole isizunguke. Penye unga wa kijani tumia spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme na uache ikauke kabisa. Spiriti ya duka la dawa nyingine huwa na mafuta ndani, usiitumie. Angalia pia vile vidude vya duara kama vikopo vidogo kwenye bodi. Vichwa vyao vinatakiwa kuwa bapa. Vikifura au kuvuja, bodi inaumwa, na hapo ndipo fundi mwenye chuma cha kulehemu anapohitajika.

Hatua ya 5: Ramu

Kama ningeruhusiwa kukufundisha hatua moja tu, ingekuwa hii. Kompyuta nyingi za hapa ni za mitumba zilizonunuliwa Mombasa. Zimepanda basi kupitia Malindi, Garsen na Witu, zikapanda mashua Mokowe, zikamalizia safari juu ya mkokoteni au punda. Ramu ikilegea njiani hata kidogo, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Mara nyingine kompyuta hulia bip bip. Hesabu milio hiyo na mapumziko yake, uiandike, kwa sababu kila kampuni ina maana zake.

Ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni vibao vyembamba vilivyosimama karibu na feni kubwa. Sukuma vishikio vya pembeni, kitachomoka. Sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio, pande zote mbili, taratibu, kisha pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu. Msasa hapana. Nimeletewa ramu iliyosuguliwa kwa msasa mpaka dhahabu ikaisha, na hiyo haina tiba.

Irudishe kwa kulinganisha pengo la kwenye meno na kinundu cha kwenye tundu. Sukuma kwa vidole gumba viwili mpaka usikie “kli” pande zote. Isipoingia usilazimishe: umeigeuza, au ni ya kizazi kingine. DDR3 haiingii tundu la DDR4.

Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na kila moja ijaribu tundu la kwanza kisha la pili. Ni kazi ya kuchosha, lakini utajua kama mbovu ni ramu au ni tundu.

Hatua ya 6: Betri ya saa na kile kinachosahaulika baada yake

Betri ya CR2032 hutunza saa na mipangilio ya Bayosi, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows. Ikiisha, utaona tarehe imerudi miaka nyuma, au kompyuta inaomba ubonyeze F1 kila asubuhi. Nyumba ambayo stima hukatika mara kwa mara, au mwenyewe huchomoa plagi kila usiku, betri hii huisha mapema.

Kubadilisha ni rahisi: chomoa umeme, sukuma kishikio, weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha uwe juu. Wengi huishia hapo, kisha Windows inakataa kufunguka na wanadhani wameharibu.

Sikiliza. Betri ikiisha, Bayosi hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mipangilio ya kiwandani inaweza isiwe ile iliyotumika wakati Windows ilipowekwa. Kwenye Dell OptiPlex nyingi, namna ya kuongea na diski hurudi kwenye RAID. Kama Windows yako iliwekwa ikiwa AHCI, itaanza, itakwama, italeta ukurasa wa samawati wenye maneno “inaccessible boot device”. Diski ni nzima, Windows ni nzima. Hiki ndicho kilichomponza yule mwalimu.

Ingia Bayosi: Dell ni F2, HP za ofisini ni F10, Lenovo ThinkCentre ni F1. Gonga kitufe mfululizo mara tu unapowasha. Rekebisha tarehe na saa kwanza. Kisha tafuta mahali pa SATA na ubadilishe kutoka RAID kwenda AHCI, au kinyume chake. Hifadhi, washa. Isipokubali, rudisha ulivyokuta, kisha jaribu mpangilio wa kuwashia, UEFI au Legacy. Badilisha kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichosaidia wala kilichoharibu.

Siku mashine inapowaka vizuri, ingia humo na upige picha kurasa zote. Utanikumbuka.

Hatua ya 7: Diski

Ukiwa bado ndani ya Bayosi, angalia kama jina la diski linaonekana. Lisipoonekana, zima, chomoa, kaza waya mbili za diski: mwembamba wa data na mpana wa umeme. Badilisha waya wa data au uhamishie tundu jingine kwenye bodi.

Kama inaonekana lakini skrini inasema “no bootable device”, angalia mpangilio wa kuwashia, uone kama diski imetangulia. Ili kuchagua kwa mara moja tu, gonga F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP.

Sasa tega sikio. Diski ya kuzunguka inayopiga “ka, ka, ka” kwa mpangilio inakufa. Zima hapo hapo. Usiipige, usiigandishe kwenye friji kama wanavyosema mitandaoni, na usiifanyie ukaguzi wowote mrefu. Kila dakika inayozunguka inakula picha zako za harusi. Kama ndani kuna kitu usichoweza kukipoteza, mpe mtu wa kazi hiyo.

Diski isiyolia lakini unaishuku, toa data kwanza. Tengeneza flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kuwaka badala ya Windows, kwenye kompyuta ya rafiki, iwashie mashine yako nayo bila kuisakinisha, na unakili mafaili kwenda diski ya nje. Au chomoa diski uiunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Diski kubwa ya inchi 3.5 inahitaji adapta yenye chaja yake, ile ndogo ya inchi 2.5 hutosheka na USB.

Hatua ya 8: Windows yenyewe

Washa, na mara vidoti vinapoanza kuzunguka, izime kwa kushikilia kitufe. Rudia mara mbili. Mara ya tatu Windows 10 au 11 italeta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Fuata mpangilio huu:

1. Chagua “Startup Repair”. Iache ifanye kazi hata kama inachelewa.
2. Ikishindwa, nenda kwenye mipangilio ya kuwashia (“Startup Settings”), mashine ijiwashe upya, bonyeza 4 ili uingie hali salama (“Safe Mode”). Ikifunguka humo, ondoa programu au draiva uliyoweka karibuni.
3. Ondoa sasisho la mwisho la Windows kama matatizo yalianza baada yake.
4. Fungua dirisha la amri uandike chkdsk C: /f kwa diski isiyolia. Herufi ya diski inaweza kuwa tofauti humo ndani, kwa hiyo andika dir C: kwanza uhakikishe unaona mafolda yako.
5. Mwisho kabisa, kuweka Windows upya kwa kubakisha mafaili. Hata hapo, nakili kwanza.

Baadhi ya mashine zitakuomba ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayolinda diski. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, utafute huko kwa simu. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayekufungulia.

Watu wananiuliza pia kama mashine imegoma kwa kuwa Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Hapana. Ilichoacha kupata ni masasisho ya bure ya usalama, kuwaka inawaka.

Maswali ninayoulizwa kila mara

*Inawaka sekunde mbili, inazima, inarudia tena na tena.* Rudi hatua ya 5. Kisha angalia waya wa umeme wenye miguu minne karibu na feni kubwa kama umekaa. Na tafuta skrubu iliyoangukia chini ya bodi.

*Inazima yenyewe baada ya dakika kumi.* Joto. Safisha feni kubwa na mbavu za chuma chini yake. Grisi ya joto ikikauka kama chokaa, pangusa upake mpya, kiasi cha punje ya choroko. Na liondoe sanduku kwenye kabati la mbao lililofungwa.

*Asubuhi inagoma, mpaka niibonyeze mara sita.* Pawa saplai imechoka. Nakili mafaili yako wiki hii.

*Kuna harufu ya kuungua.* Chomoa ukutani sasa hivi, usijaribu mara ya pili.

Ikibidi kuagiza vipuri au kuituma

Pawa saplai za Dell na HP zile nyembamba zina umbo na vichwa vyake, ya kawaida haiingii. Kwa hiyo usitume sanduku. Fungua, piga picha karatasi iliyobandikwa juu ya pawa saplai, picha ya vichwa vya waya wake, na jina kamili la kompyuta. Mtumie muuzaji wa Mombasa hizo picha.

Na kama lazima sanduku lenyewe lisafiri, chomoa diski ubaki nayo nyumbani, maana anayetengeneza umeme haihitaji. Chomoa kadi ya picha uifunge peke yake. Sanduku litie kwenye mfuko wa nailoni, ulifunge, ndipo liingie kwenye boksi lenye magodoro ya nguo kuukuu. Mwambie nahodha liwekwe katikati ya mashua, mbali na maji yanayorukia pembeni, na likifika Mokowe lisikae juani kusubiri basi.